Shajara ya gazeti la mwisho wa mwaka: kila mtoto awemo

Skuli yetu ni ya msingi, iko shamba, Wilaya ya Wete, Pemba. Madarasa manane, mengine yanaingia asubuhi na mengine mchana. Naiandika shajara hii kwa walimu wenzangu wa Unguja na Pemba watakaotaka kutoa gazeti la mwisho wa mwaka kwa fedha kidogo. Bei zote ni za shilingi, nilizolipa mwenyewe kwa mkono wangu. Kila hatua ikimalizika naongeza tarehe.

14 Septemba

Mwaka jana siku ya kufunga skuli tuliwaita mbele watoto watatu wa kila darasa, jumla 24. Wengine karibu mia tatu walikaa kwenye majamvi chini ya mwembe kutoka saa mbili mpaka saa tano wakipiga makofi. Tulipokuwa tunakunja majamvi, mtoto mmoja wa darasa la tatu alinifuata akaniuliza, "Maalim, mbona mie simo?" Nilimjibu, "Mwakani inshaallah." Sikuwa na mpango wowote nilipolisema hilo, na limenikaa kifuani mwaka mzima.

Mwaka huu nataka gazeti dogo lenye jina la kila mtoto na sentensi moja ya kweli juu ya jambo alilolijua mwaka huu, na kila nyumba ipate nakala yake.

Nimempelekea Mwalimu Mkuu. Hakukataa, lakini aliuliza swali zito: "Ukimsifu kila mtu, nani atajitahidi?" Tumezungumza mpaka adhana ya laasiri. Tumekubaliana kwamba washindi watatu wa kila darasa watabaki na zawadi zao na ukurasa wao pamoja na wastani wa alama. Sentensi za wote hazitakuwa sifa, zitakuwa habari. Mtoto kujua kusoma saa ni habari kama ilivyo timu yetu ya mpira wa pete kutolewa mchezo wa kwanza. Aliposikia neno habari akaitikia kwa kichwa, akasema nianze.

23 Septemba

Leo ndiyo siku ambayo mwaka 1964 ilitangazwa elimu bila malipo Zanzibar. Baada ya shughuli za asubuhi nimekaa na rejesta zote nane nikahesabu watoto. Nimepata 318. Wako waliohama kwenda Unguja ambao majina yao hayajakatwa, na wako waliohamia ambao wameandikwa kwa penseli pembeni. Kazi ya saa nne.

Nyumba nimehesabu 204, maana wengi ni ndugu. Nakala 220 zitatosha: 204 za nyumba, 16 za walimu, kamati ya skuli, sheha na kabati la vitabu.

5 Oktoba

Jaribio la kwanza limeshindwa, nalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo ambalo kila mtu angelianza nalo.

Niliwapa walimu wa madarasa fomu: jina la mtoto, mbele yake nafasi ya kuandika mafanikio yake ya mwaka. Nikawapa wiki moja. Fomu zote zilirudi kwa wakati, hilo nawashukuru. Nilipokaa kuzisoma, sentensi 251 kati ya 318 zilikuwa hizi tatu zikizunguka: "ana nidhamu", "ni mtiifu", "amefanya vizuri". Darasa moja watoto 40 wote ni watiifu, na mimi nalisomesha darasa hilo, nawajua.

Walimu si wavivu. Mwalimu mwenye watoto arubaini, madaftari ya kusahihisha na mitihani ya kutunga, ukimwambia amwandikie kila mtoto sentensi, ataandika ile inayokuja kwanza. Kosa ni langu, niliuliza swali lisilohitaji kumtazama mtoto.

Gharama ya kosa: fotokopi za fomu, 4,000.

17 Oktoba

Jaribio la pili. Nimewachukua watoto 12 wa darasa la tano na la sita, nikawapa daftari na kalamu mbili kila mmoja, wakawa waandishi. Sita wamepewa watoto 26 kila mmoja, sita wamepewa 27. Wanauliza wakati wa mapumziko, hawaingii darasani. Madaftari 12 kwa 700, kalamu 24 kwa 300: jumla 15,600.

Siku mbili za mwanzo hazikuleta kitu. Swali lilikuwa "Umefanikiwa nini mwaka huu?" na wadogo walikuwa wanatazama chini au wanakimbia. Neno kufanikiwa kwao ni la watu wa redioni. Mwandishi mmoja wa darasa la sita ndiye aliyelibadilisha bila kuniuliza. Nilimsikia dirishani: "Kitu gani mwezi wa Januari ulikuwa hukijui, sasa unakijua?" Mtoto akajibu papo hapo. Kisha mwandishi akaongeza neno moja: "Nioneshe."

Hilo "nioneshe" ndilo lililoufanya mradi. Anayesema amejua kufunga kamba za viatu, anafunga. Anayesema anasoma saa ya mishale, anapelekwa ofisini kwenye saa ya ukutani na kuulizwa sasa ni saa ngapi, na akifika kwenye kasorobo ndipo tunajua. Anayesema anaogelea kutoka kwenye mashua mpaka ufukweni tumemtafutia shahidi, kaka yake.

Baadhi ya zilizokuja wiki hii:

"Amejua kufunga kamba za viatu, na asubuhi huwafunga wenzake wawili." (La kwanza)

"Amehitimu juzuu ya Amma chuoni." (La tatu. Mwandishi alimwambia amsomee sura mbili pale pale.)

"Alikuwa haogopi mtu isipokuwa kusimama mbele. Sasa amesoma taarifa ya asubuhi mara tatu." (La sita)

"Anasuka ukili mwembamba sawa na wa bibi yake, na bibi yake amesema hivyo hivyo." (La tano)

Sikugusa lugha yao isipokuwa herufi. Ile ya "haogopi mtu isipokuwa" mwalimu mwenzangu alitaka kuinyoosha, nikamwomba aiache.

2 Novemba

Leo nimefanya kosa kubwa kuliko yote.

Msimu wa karafuu unaendelea, na mahudhurio yamepungua kama inavyokuwa kila msimu unapokuwa mzuri. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliandikiwa na mwandishi wake hivi: "Msimu huu hakuja skuli siku nyingi kwa sababu anajua kuchuma karafuu kuliko kaka yake." Sentensi ya kweli, ameiona na ameiuliza. Nikaibandika pamoja na nyingine kwenye ubao wa matangazo ili watoto waanze kuzoea.

Asubuhi baba yake alikuja. Alinisalimu vizuri, akauliza hali za nyumbani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, huku ni kumsifu mwanangu au ni kunishitaki mimi?"

Nilibandua karatasi mbele yake na kumwomba radhi. Jioni nikaenda kwake kuomba radhi mara ya pili, maana ya skulini nilihisi haikutosha. Nimemkuta barazani, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi uwanja mzima, wanawake wanachambua makonyo, na yule mtoto amekaa pembeni na kijidaftari. Yeye ndiye anayeandika hesabu ya wachumaji. Mama mmoja alikuja na pishi tano na vibaba viwili, mtoto akasema "ishirini na mbili" kabla hajainua kichwa. Pishi moja vibaba vinne. Akaja mwingine na vibaba vyake kumi na tisa, mtoto akasema "pishi nne kasoro vibaba... la. Ngoja." Akahesabu kwa vidole, akarudi: "Pishi nne na vibaba vitatu."

Mtoto huyu mimi ndiye ninayemsomesha hesabu. Zoezi la kuzidisha na kugawa kwa nne alipata tatu kati ya kumi. Nimekwenda kulitafuta lile daftari usiku huu. Maswali saba aliyokosa yote yalikuwa ya maneno, na kwenye manne hakuandika chochote. Hesabu anaijua. Kusoma swali ndiko kunakomshinda, na mwaka mzima nilikuwa namrudisha kwenye jedwali la nne.

Sentensi mpya imeandikwa pale pale barazani, baba akaisikiliza mara mbili akairidhia: "Anageuza pishi kuwa vibaba na vibaba kuwa pishi kichwani, na akikosea anajisahihisha mwenyewe." La siku alizokosa skuli tumelizungumza pia, peke yetu, na si la kuandikwa gazetini.

Tangu leo: hakuna sentensi itakayobandikwa wala kuchapwa kabla haijasomwa nyumbani. Tunakata vipande 318 vya karatasi, kila kimoja na sentensi yake, mtoto anapeleka, mzazi anatia sahihi au dole gumba. Asiyesoma husomewa na mtoto mwenyewe.

10 Novemba

Vipande vimerudi vyote isipokuwa vichache tulivyovifuata kwa miguu. Nimeambiwa kwamba nyumba nyingine walisomewa mara tatu nne kwa kupenda tu. Wazazi 11 wamebadilisha maneno. Mmoja aliongeza: mtoto tulimwandikia amejua kupika chai, mama akaandika chini yake, "na hunipelekea kitandani nikiwa mgonjwa." Tumechapa yote mawili.

16 Novemba

Habari za madarasa. Mbali na sentensi, kila darasa lina nusu ukurasa wa tukio la mwaka. Nilidhani hapa ndipo pepesi.

Darasa la tano walikwenda Kidike kuwatazama popo wa Pemba. Habari ya kwanza iliyoletwa ilisema popo hao wako elfu kumi na wanafyonza damu. Nikamwita mwandishi, nikamuuliza umejuaje. Elfu kumi alikisia, kwa sababu walikuwa wengi. Damu alisimuliwa na binamu yake. Nikamuuliza aliwaona wanakula nini. Akasema hakuwaona wakila, walikuwa wamelala wananing'inia kichwa chini, lakini bwana aliyewatembeza aliwaambia wanakula matunda.

Sikumsahihishia. Nilimwambia achore mstari pembeni ya kila sentensi na aandike herufi moja: N kama ameona kwa macho, U kama amemuuliza anayejua, S kama amesoma kitabuni. Sentensi isiyopata herufi inakatwa. Elfu kumi ikakatwa, damu ikakatwa. Kilichobaki: popo hawa hawaishi pahala pengine popote duniani ila Pemba (U, S), wanakula matunda (U), wanalala mchana mitini wamejifunika mbawa (N), na mmoja alipopiga mbawa "upepo wake tuliusikia" (N). Habari imekuwa fupi kwa nusu, na nzuri kuliko ile ya kwanza.

Darasa la sita walikwenda Mtambwe Mkuu, huko unavuka kwa miguu maji yakitoka. Waliandika kwamba sarafu zilizopatikana pale zilikuwa za Wareno. Hazikupata herufi. Tulipotafuta: zilichimbuliwa mwaka 1984, zaidi ya elfu mbili, nyingi za fedha na chache za dhahabu, na ni za karne nyingi kabla Mreno hajafika mwambao huu. Mwandishi alikasirika kwamba tumemharibia habari, kisha akaenda kuwahadithia darasa la nne kwa ari kuliko alivyokuwa nayo mwanzo.

Herufi hizi tatu hazikugharimu kitu. Ukichukua jambo moja katika shajara hii, chukua hili.

20 Novemba

Majina. Rejesta imeandika Hamisi, cheti cha kuzaliwa Khamis. Rejesta Salimu, nyumbani Salum. Fatma, Fatuma, Fatima. Jina la mtoto likikosewa siku ya sherehe, sentensi yake yote imepotea, hasikilizi tena kinachofuata.

Nimechapa orodha nzima kwa herufi kubwa, nikaibandika kiwambazani kwa urefu wa macho ya mtoto wa darasa la kwanza, nikatundika kalamu kwa uzi. Kwa wiki moja kila mtoto atazame jina lake, akiliona sawa atie alama ya vema. Makosa 27 yamepatikana. Orodha nimebandika mbili, moja madarasa ya asubuhi na moja ya mchana.

24 Novemba

Picha zimeshindwa. Nilipiga kwa simu picha nane, nikazipanga kwenye kurasa, nikajaribu nakala moja. Mashine ya kudurufu haijui kijivu, inajua nyeusi na nyeupe. Nyuso za watoto wetu zilitoka madoa meusi yenye meno. Sikutaka mtoto yeyote ajione hivyo.

Badala yake tumechora. Kalamu nyeusi nene nne kwa 1,500, jumla 6,000. Penseli haitoki, wala rangi ya maji. Mistari iwe minene na kivuli kiwe cha vijistari, kisiwe cha kupaka. Popo wa mtoto wa darasa la tano amechukua ukurasa wa mbele, na mbawa zake zimegusa pambizo zote mbili.

30 Novemba

Siku ya kuchapa. Inahitaji hesabu, someni taratibu.

Gazeti ni kurasa 20 za ukubwa wa nusu ya A4. Karatasi moja ya A4 ukiikunja unapata kurasa nne, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawike kwa nne. Kurasa 20 ni karatasi 5. Kurasa zinazokaa pamoja upande mmoja wa karatasi zijumlishwe, lazima zifike 21, yaani idadi ya kurasa na moja. Karatasi ya kwanza mbele ni 20 na 1, nyuma 2 na 19. Ya pili 18 na 3, nyuma 4 na 17. Ya tatu 16 na 5, nyuma 6 na 15. Ya nne 14 na 7, nyuma 8 na 13. Ya tano, ya katikati, 12 na 9, nyuma 10 na 11. Ukitaja namba za upande mmoja kuanzia kushoto, upande wa mbele namba kubwa iko kushoto, na nyuma namba ndogo iko kushoto.

Dukani fotokopi ni 100 kila upande. Nakala 220 kwa pande 10 ni 220,000, hatuna. Nimepata mahali Wete wanapodurufu kwa karatasi zako mwenyewe, 4,000 kila stensili, yaani karatasi mama ambayo mashine inachapia upande mmoja. Stensili kumi ni 40,000, na karatasi 1,100 ni rimu mbili na kidogo. Nilikwenda na rimu tatu, 13,000 kila moja.

Kosa la kwanza: karatasi ya kwanza, baada ya upande wa mbele, tuliigeuza tukaiingiza kichwa chini. Upande wa nyuma ukatoka juu chini. Hatukutazama mpaka 220 zote zimepita. Zote zimeharibika.

Kosa la pili ni langu mwenyewe. Karatasi ya pili nyuma niliipanga 17 na 4 badala ya 4 na 17. Jumla ni 21, ndiyo maana jicho halikunishtua. Fundi alikuwa amefika 205 nilipokunja moja kwa bahati na kukuta darasa moja limeingia katikati ya jingine. Stensili mpya, 4,000. Karatasi 205 nyingine zimekwenda. Rimu tatu zina karatasi 1,500, mahitaji pamoja na hasara yakafika 1,525. Kwa karatasi 25 nikalazimika kununua rimu ya nne.

Dawa yake ni ya bure. Kabla ya kwenda, chukua karatasi tano tupu, zikunje pamoja, ziandike namba kwa mkono 1 mpaka 20, kisha zikunjue. Utaona kila namba inakaa wapi na inaelekea wapi. Ziweke mbele ya fundi. Na kila upande wa pili, chapa moja, kunja, tazama, ndipo uendelee. Nilirudi nyumbani nikaitengeneza kwa dakika tatu, na nilipoiona kamili mkononi iliniuma.

3 Desemba

Kubana. Kibanio cha kawaida hakifiki katikati ya karatasi, kirefu nimeambiwa kiko Chake Chake lakini mwenyewe amesafiri. Mama mmoja wa kamati aliyekuwa akitusubiri barazani alitutazama tunavyohangaika, akasema, "Kwani nyinyi hamuna shazia?" Akaleta yake, sindano kubwa ya kushonea mikeka. Tundu tatu kwenye mkunjo: moja katikati, moja juu, moja chini. Sindano inaingia katikati kutoka ndani, inatokea nje, inarudi ndani kwa tundu la juu, inapita ndani mpaka tundu la chini, inatoka, inarudi ndani kwa lile la katikati, fundo linafungwa ndani. Uzi 3,000. Shazia sita za kuazima. Mama wanane na watoto wa darasa la sita wamemaliza nakala 220 kwa asubuhi mbili, na hakuna hata moja iliyochanika. Kibanio sikitafuti tena.

7 Desemba

Sherehe. Mvua ya vuli ilianza alfajiri, mwembe ukawa dimbwi. Tumehamia madarasa mawili yaliyoungana, tumefungua mlango wa katikati, wengine wamesimama madirishani na miavuli.

Washindi 24 walipewa zawadi zao kwa nusu saa. Kisha sentensi. Nilikisia dakika arubaini, zimechukua saa moja na dakika ishirini, kwa sababu kila sentensi ilijibiwa. Si makofi ya kupangiwa kama ya mwaka jana. Watu walikuwa wanasema "ee kweli" na "huyu namjua", bibi wa ukili aliinuka kwenye kiti. Ya pishi na vibaba iliposomwa, wanaume wa nyuma walimtupia hesabu hapo hapo, pishi saba na vibaba vitatu, naye akajibu "thalathini na moja" kwa sauti iliyofika nje. Baba yake alikuwa anatazama sakafu anacheka.

Mwalimu Mkuu alisoma mwenyewe za darasa la kwanza. Sikumwomba.

Chai na mandazi: mandazi wameleta wazazi, sukari kilo sita kwa 3,000.

Tulipomaliza darasa la pili, bibi mmoja mlangoni alimshika mjukuu wake bega akauliza, kwa upole kabisa, "Na huyu wangu mmemweka wapi?"

Hayumo. Msichana wa darasa la pili. Mwezi wa Agosti alihamishwa kutoka darasa la mchana kwenda la asubuhi ili aongozane na dada yake. La mchana likamkata, la asubuhi halikumwandika. Wiki ya orodha kiwambazani alikuwa na homa. Kila mmoja wetu aliamini yuko kwenye orodha ya mwenzake. Watoto ni 319, mimi mwaka mzima nasema 318.

Mwalimu wake alimwita mbele akamuuliza lile swali. Akasema anahesabu kwa tanotano. Tukamwambia atuoneshe, akahesabu mpaka mia mbili na hakuna aliyemkatiza. Lakini gazetini hayumo, na gazeti lilikuwa limeshagaiwa.

8 Desemba

Hesabu za fedha. Madaftari na kalamu 15,600. Fomu zilizoshindwa 4,000. Kalamu nyeusi 6,000. Rimu nne 52,000. Stensili 11, 44,000. Nauli ya Wete safari sita kwa 2,000, jumla 12,000. Uzi 3,000. Sukari 18,000. Jumla 154,600. Ukitoa sukari, kila nakala imesimama kwenye 621. Makosa ya siku ya kuchapa peke yake yamekula 17,000.

Kamati ya skuli imetoa 80,000, walimu kumi tumechanga 5,000 kila mmoja, 24,600 zilizobaki nimezitoa mimi.

Kwa mwakani nimeandika kwenye jalada la rejesta: orodha moja tu, ya skuli nzima, ihesabiwe kwa vichwa vya watoto siku moja asubuhi na mchana, si kwa rejesta. Na ukurasa wa mwisho wa kila darasa uachwe mistari miwili mitupu.

11 Desemba

Nilitaka kuchapa kipande na kukibandika kwenye kila nakala. Yule msichana alipoambiwa alisema hataki kibandikwe, anataka kuandika yeye. Tumewatangazia watoto warudishe magazeti. Anakaa meza ya ofisini kuanzia saa nne, dada yake anamfungulia ukurasa wa 7, mahali palipobaki chini ya darasa la pili. Anaandika jina lake lote na "ninahesabu kwa tanotano". Nakala za kwanza herufi zinapanda juu zinashuka. Kuanzia ya hamsini mstari umenyooka.

Mpaka leo mchana ameandika 171. Zimebaki 49, na kesho wanaleta wa ng'ambo ya bonde.